Ndege Mwenye Pengo

Hapana, mimi si ndege. Nakujibu kabla hujauliza, maana najua unaelekea huko huko. Wote wanaanzia mbali. "Shikamoo bibi, habari za mvua, vitunguu vimeshika?" Halafu wananiangalia mdomo kama wanangoja uchongoke. Basi mimi si ndege. Ndege haumwi magoti.

Anayeniandikia haya ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Leo Jumapili duka limefungwa, amekuja kutoka Katesh, ana simu yake, mimi nasema yeye anabonyeza. Mimi shule sikwenda. Siku walipokuja kuandikisha watoto, baba yangu alinipandisha darini kwenye mahindi, akawaambia ana ng'ombe tu, watoto hana. Kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya ni la huyu msomi, si langu. Na wewe usicheke, bonyeza.

Mambo yalianza alipomaliza kidato cha sita. Alisoma viumbe, mimea na wadudu, wenyewe wanaita baiolojia. Matokeo yakatoka, hayakuwa ya kulia wala ya kuchinja mbuzi. Chuo hakupata. Akakaa nyumbani mwaka mmoja, ukaingia wa pili. Sasa baba yake, huyo mwanangu, ni mtu wa maneno machache na yote yanapitia puani. Akaniambia hivi, bana pua uisikie vizuri: "Mama, huyu msichana hawezi kukaa hapa anaangalia majani. Vitunguu vikishavunwa anakwenda Katesh kwa shangazi yake akauze duka."

Duka la shangazi yake ni la ndoo na mabeseni. Ukiingia unaona ndoo, ukitoka unaona mabeseni. Mtoto aliyejua damu inaingilia wapi na kutokea wapi ndani ya mtu, akauze mabeseni. Mjukuu akachukua simu yake. Akapanda zake kichuguuni.

Niseme habari ya kichuguu. Kwetu hapa juu ya Dongobesh mtandao haushuki chini kwa watu. Unakaa juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi. Ukipanda pale simu inaamka, ukishuka inalala. Huyu mtoto alikuwa anapanda kila siku baada ya kukamua, anakaa saa nzima ameinama, mara anatabasamu, mara anatikisa kichwa. Nikajua ni mwanaume. Wewe ungejua nini. Nikachukua fimbo yangu nikapanda kumwona huyo mwanaume sura yake.

Nikakuta chura.

Chura amelazwa chali kwenye simu, tumbo wazi, moyo unapiga tuku, tuku, tuku.

"Nani huyu?" nikamuuliza.

"Chura, bibi. Wanatuonyesha moyo wake una vyumba vitatu."

"Na wewe una vingapi?"

"Vinne."

"Basi kimoja mpangishe huyo chura, ushuke ukachote maji."

Lakini sikushuka. Nilikaa. Nikaona tumbo la ng'ombe kwa ndani, na mwalimu, kijana mmoja mwenye sauti kama anaogopa kuamsha mtoto, anasema, "Na hapa, wapendwa wanafunzi, tunaingia chumba cha tatu." Nikamwambia mjukuu, huyu kijana hajawahi kuosha utumbo. Mimi nimeosha matumbo ya ng'ombe tangu nina meno yote. Lile lenye kurasa kurasa kama kitabu, analipita haraka mno, na ndilo lenye mchanga. Mjukuu akacheka akasema kuna mahali pa kuandika maoni chini. Nikamwambia aandike: aoshe vizuri. Akaandika. Kesho yake yule kijana akajibu kwamba anashukuru kwa mchango. Tangu siku hiyo mimi nilikuwa mwanafunzi wa kichuguu.

Niliona mambo. Kuna ukurasa ukipiga jani picha unakuambia ni jani gani, linatoka nchi gani, ndugu zake akina nani. Tukapiga lile gugu linalonisumbua kwenye vitunguu. Simu ikasema asili yake ni ng'ambo ya bahari. Nikasema ndiyo maana halisikii ukilifukuza. Kuna kingine kinaonyesha nyota, kingine kinaonyesha wadudu kwa ukubwa wa mbwa, hicho nilimwambia akifunge, chawa nimemfahamu akiwa mdogo inatosha. Na majina yao yote marefu yameandikwa Kilatini. Hapo nilimshinda. Mimi nilipokuwa mtoto padri alisema misa kwa Kilatini, amegeukia ukuta, na mimi nilijua misa nzima kwa sauti yake na kikohozi chake. Mjukuu akisoma jina la mdudu anajikwaa, mimi nalirudia kama naweka wakfu divai. Anasema hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha kutamka hivyo.

Halafu ikaja ile ya ndege.

Hiyo unaifungua, simu inasikiliza, inakuambia ndege aliyelia ni nani. Mjukuu akaielekeza mtini, njiwa akalia, ikaandika njiwa. Nikasema ngoja. Nikalia kama kuku anayetoka kutaga. Simu ikafikiri. Ikaandika kuku wa msituni, wa nchi za mashariki ya mbali huko. Nikalia kama hondohondo, ikaandika hondohondo. Nikakoroma kama marehemu mume wangu, Mungu amlaze pema, ikaandika bundi. Mjukuu alikuwa amekaa chini anashika mbavu. Mwisho nikafanya mwenyekiti wa kijiji anavyofungua mkutano: "Ndugu wananchi, hmm, ndugu wananchi, kabla sijasema, nasema." Simu ikasikiliza sana. Ikaandika hakuna kilichotambuliwa. Nikasema hiyo simu ina akili kuliko mkutano.

Kumbe mwenzangu hakuwa anacheza. Sauti za ndege wa kweli alizonasa alikuwa anazipandisha mahali, kwenye ukurasa mmoja mkubwa ambako watu wa dunia nzima wanaweka sauti za ndege wa kwao. Ukiweka, wajuzi wanakuja wanasema ndiyo ni huyu, au hapana umekosea. Wasipokubali haiandikwi. Alikuwa ameshaweka nyingi, za kijitoni tunakochota maji, za mashambani, za kule Yaeda Chini alipokwenda kumtembelea rafiki yake aliyesoma naye. Na wajuzi walikuwa wanakubali moja baada ya moja. Mwanamke mmoja mtaalamu wa ndege, anafundisha chuo, alikuwa anamwandikia maneno mazuri.

Ili apate ndege wa alfajiri, mjukuu alibuni ujanja. Giza linapoanza kulegea anaitundika simu kwenye mti kijitoni, inasikiliza peke yake, yeye anapanda kwa wazazi wake kukamua. Akimaliza anairudia. Mimi hakuniambia.

Na mimi nina jambo langu kijitoni ambalo sikumwambia yeye.

Nilipokuwa msichana, huku juu kulikuwa msitu, si hii mikaratusi iliyosimama kama askari. Mama yangu alinipeleka kuokota kuni, na mle ndani kulikuwa na ndege. Kumwona ni kazi, yuko rangi ya majani makavu, lakini kumsikia utamsikia. Anaanza chini kama mtu anauliza nani yuko mlangoni, anapanda mara tatu, halafu anakata ghafla kama ameona nyoka. Akilia, mama anasema funga kuni, ukungu unashuka. Na kweli unashuka. Mama alinifundisha kumwita, nikiita anajibu. Nilipoolewa nikaletwa bonde hili, nikamkuta yupo kijitoni. Nilikuwa bibi arusi mgeni, sina wa kuongea naye, mama mkwe ananiangalia mikono tu. Nikienda maji alfajiri namwita yule ndege, ananijibu. Basi ilikuwa hivyo miaka. Miti ikakatwa, akawa anajibu kwa mbali. Halafu akawa hajibu. Mimi sikuacha. Kila alfajiri nikiweka dumu chini, kabla sijachota, naita mara moja. Naita nikiwa peke yangu, maana mwanamke mzima kumlilia ndege si jambo la kufanya mbele za watu.

Sasa umeelewa kilichotokea. Mimi naita, simu iko juu ya kichwa changu imening'inia kama nanasi, inasikiliza.

Jioni ile mjukuu alishuka kichuguuni anakimbia mpaka kandambili moja ikabaki huko.

"Bibi, nimempata ndege ambaye hajaandikwa hapa."

"Yupi?"

Akaibonyeza simu. Nikajisikia. Ndugu yangu, hujawahi kujisikia ukiwa ndege. Nilianza chini, nikapanda mara tatu, nikakata.

Nikafungua mdomo niseme. Nikamwangalia uso. Huyo mtoto tangu matokeo yatoke alikuwa hajacheka kwa macho, anacheka kwa meno tu. Siku ile alicheka kwa macho. Nikafunga mdomo. Nikasema, "Ana sauti nzuri."

Huko kwenye ukurasa moto ukawaka. Jioni zote anashuka ananisomea, na mimi nawafanyia sauti zao. Mmoja wa Ulaya, huyo nilimpa pua ndefu: "Sikubali. Ndege huyu hakai hapo. Hii imetolewa mahali pengine." Mwingine wa kusini huko, nilimpa sauti ya mtu anayekula: "Ni yeye, ni yeye kabisa, mm, safi." Mwingine, huyo sikumpenda, aliandika kwamba ndege ni mwenyewe ila anaonekana mzee, sauti imechoka. Nilimwambia mjukuu amuulize huyo bwana yeye ana miaka mingapi.

Halafu likaja suala la upepo. Mimi hapa mbele meno mawili yalikwenda, unaona, na sauti ikifika mwisho inatoka na kaupepo, fss. Wale wajuzi wakakaa juu ya hiyo fss. Wakaichora, wakaipanua. Yule mwanamke mtaalamu akaandika maelezo marefu, mjukuu akanisomea: ndege nao wana lafudhi, wa mlima huu halii sawasawa na wa mlima ule, na huo upepo mwishoni huenda ndiyo lafudhi ya ndege wa Mbulu. Nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kucheka kuliisha siku ya tatu. Mtaalamu aliandika kwamba anakuja. Wana kazi, wanataka kijana mmoja wa huku juu, wamfundishe, awe anasikiliza na kuandika ndege wa milima hii mwaka mzima na zaidi. Kazi yenye buti na darubini. Rekodi za mjukuu wangu zimempendeza kuliko za wengine, lakini wakubwa wake wanataka uhakika juu ya huyu ndege mmoja, maana amezua mabishano. Akimsikia kwa masikio yake mwenyewe, binti anaondoka na kazi. Mwanangu aliposikia akabana pua yake akasema, "Sawa. Asipomsikia, vitunguu viko tayari, Katesh iko pale pale."

Nilitaka kumwambia. Mara ya kwanza nilimkuta anafua soksi zake za shule, anasema ni za kuvaa na buti. Nikasema nitasema kesho. Mara ya pili nilianza kabisa, nikasema kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "Mke mwenza, yule ndege..." Akanidaka, "Bibi, nikipata kazi nitakuwekea meno." Sasa hapo mtu anasemaje. Nikasema, "Yule ndege naye angefurahi." Mara ya tatu nilikwenda kwa padri nikaungama. Nikafanya sauti ndogo ya toba. Nyuma ya lile pazia nikasikia kiti cha padri kinatikisika, anacheka. Akanipa salamu Maria tatu na akaniomba nimfanyie huyo ndege. Nikamfanyia. Sijui dhambi ilihesabiwa au ilirudiwa.

Mtaalamu akaja. Mwanamke wa makamo, mpole, amevaa kofia ya kamba kidevuni. Alinisalimu vizuri, shikamoo yake ilipiga magoti, nikampenda, nikajisikia vibaya zaidi. Anaongea kama mtu anayemimina maji kwenye chupa yenye mdomo mdogo: "Bibi yangu, samahani, naomba niulize, wewe ndege huyu umewahi kumsikia?"

"Nimemsikia," nikasema. Na hiyo ni kweli.

"Zamani au hivi karibuni?"

"Vyote," nikasema. Na hiyo pia, ukiiangalia kwa upande, ni kweli.

Akalala kwetu. Tulimlisha makande na maziwa mgando, akauliza maziwa yametiwa nini, akaandika. Alfajiri wakatangulia kijitoni yeye na mjukuu. Amevaa masikioni vitu vyeusi kama vikombe, ameshika fimbo ya kunasia sauti yenye manyoya mbele, utadhani amemchomeka nguchiro. Wakakaa kwenye jiwe. Mimi nikasema nabaki jikoni nakoroga uji.

Uji nilimwachia Mungu. Nikapitia juu, kwenye mahindi, nikashuka upande wa pili wa kijito nikaingia kwenye kichaka. Fimbo yangu haikuweza kuingia, nikaichomeka nje. Nikajikunja mle na magoti yangu haya. Nilijiambia naita mara moja tu, anapata kazi, halafu huyu ndege anakufa kwa uzee, kama alivyosema yule bwana.

Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji. Kimya. Nikaita. Nilianza chini, nikapanda mara tatu, nikakata, na fss yangu. Kupitia majani nikamwona mtaalamu ameshika mkono wa mjukuu, amefumba macho. Mjukuu machozi yanamtoka. Nikasema si umesikia, basi. Lakini mtu akisikilizwa hivyo hawezi kuacha. Nikaita tena. Hiyo ya pili, nakuambia bila kujisifu, ilikuwa bora kuliko zote nilizoita maishani. Kama yule ndege angekuwapo angenijibu.

Ndipo nikasikia kwato.

Siku ile ilikuwa ya mnada Dongobesh, nami nilisahau. Kuna mfugaji mmoja anayeleta ng'ombe wake kutoka Yaeda, ni Mbarbaig, mtu mrefu mwenye heshima. Usiku wa kuamkia mnada hulala kwa rafiki yake hapo jirani, alfajiri anavusha ng'ombe kijitoni. Tunafahamiana, nampa mahindi ananipa samli. Yeye anasoma nyayo kama nyinyi mnavyosoma gazeti. Akaona alama za katambuga zangu za tairi kwenye matope, akaona fimbo yangu imechomekwa. Akasimama mbele ya kichaka.

"Shikamoo bibi," akakiambia kichaka.

Nikanyamaza.

Sasa kwetu shikamoo haiachwi hewani. Mkubwa ukisalimiwa usijibu, umemfukuza huyo mtu. Umesema mimi na wewe basi. Watoto wenu hawaazimani moto tena mpaka wazee wakae. Nimeishi miaka yote hii sijawahi kumnyima mtu marahaba, hata yule aliyeniibia jembe.

"Shikamoo bibi," akarudia, kwa upole.

Nikabana meno yaliyobaki. Ng'ombe wamesimama wanakunywa. Ng'ambo, mtaalamu ameelekeza nguchiro wake huku huku.

"Bibi," mfugaji akasema, "umekasirika. Najua. Ni yule ndama wangu, alivyokanyaga matuta yako ya vitunguu. Nilisema nitakuja kuomba radhi, sikuja. Kosa langu." Kichaka hakimjibu. Nikamwona anavua kofia. "Bibi, shikamoo. Mama yangu alikula kwako. Mimi nilikula kwako. Kama umeninyima marahaba, basi leo mnadani siendi. Nageuza ng'ombe, nakwenda kuita wazee wa pande zote mbili tukae."

Alianza kweli kugeuza ng'ombe. Mtu mzima, ng'ombe wake wanangojwa mnadani, anaacha soko kwa ajili yangu mimi niliyejikunja kichakani kama kanga.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba mwanangu. Ndama nimemsamehe. Nenda mnadani."

Kijito chote kilisikia. Nguchiro alisikia.

Nikatoka. Kutoka kwenyewe kulikuwa kazi, kitenge kilishikwa na miiba, ikabidi mfugaji anivute. Ng'ambo wamesimama wote wawili. Mtaalamu amevua vile vikombe masikioni. Mjukuu ananiangalia, na nikaona anajua. Alijua kila kitu mara moja, mpaka soksi.

Lakini mtaalamu alikuwa hajajua bado. Akili ya mtu aliyesoma inapita njia ndefu. Akavuka juu ya mawe akaja. "Bibi yangu, samahani, kumbe ulikuwa humo?"

"Nilikuja haja," nikasema. "Mtu mzima akibanwa haangalii ndege."

"Samahani sana bibi." Akatazama chini kwa aibu, maskini. "Na yule ndege, alikuwa karibu na wewe?"

"Karibu mno. Nilimsikia kama yuko ndani ya kichwa changu."

"Akaruka?"

"Huyu bwana aliponisalimu, akanyamaza. Si umesikia mwenyewe alivyonyamaza."

Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, amesikia. Akatoa daftari. Juu ya ukurasa jina la mjukuu wangu lilikuwa limeshaandikwa, nilionyeshwa jana yake usiku wakati wa makande, na chini yake pameachwa nafasi. Akafungua kalamu kwa meno. Nilimwangalia mjukuu, akaangalia maji. Midomo yake imebana, sikujua anaizuia kusema au anaizuia kulia. Mfugaji amesimama pembeni na kofia mkononi, amefurahi, ndama wake amesamehewa, hajui jambo lolote la kazi wala buti.

Mtaalamu akaandika maneno mawili. Halafu akasita. Ni mtu makini, ndiyo kazi yake ilivyo, masikio ya watu watatu yana nguvu kuliko ya wawili. Akamgeukia.

"Na wewe kaka, samahani. Unapita hapa mara nyingi. Huyu ndege aliyelia sasa hivi, unamfahamu?"

Mfugaji akaangalia mti. Akaangalia kichaka. Akaniangalia mimi, mtu aliyemrudishia marahaba, akavaa kofia yake.

"Ndege yupi?" akasema. "Huyo ni bibi. Hata ng'ombe wangu wanajua ni bibi."